Mbwa Havutwi Shingo: Somo la Kamba, Mnyororo na Mkanda

Nyumba nyingi katika kaunti yetu zinafuga mbwa. Kule Ganze na Magarini mbwa hulinda mbuzi na kuku. Mtwapa, Watamu na Malindi mjini hulinda majumba, hoteli na maduka usiku. Karibu kila mbwa anayefungwa hufungwa shingoni, awe amefungwa kwa kamba ya katani, kamba ya nailoni ya wavuvi, mnyororo, waya au mkanda ulionunuliwa dukani.

Je, shingo ni mahali salama pa kumfunga na kumvuta mbwa? Wafunzaji wa mbwa na madaktari wa mifugo katika nchi nyingi wamelijadili swali hili kwa miaka, na hawajakubaliana kwa kila jambo. Somo hili linaeleza hoja za kila upande, mambo yaliyopimwa, na yale ambayo mkazi wa hapa anaweza kuyafanya kwa vifaa alivyo navyo.

Somo linamhusu pia asiyefuga mbwa. Mbwa aliyeumizwa na kamba huiogopa kamba, na mbwa anayeiogopa kamba ni vigumu kumfikisha kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto wa jirani anayepita njiani kwenda shule.

Ndani ya shingo mna nini

Shingo ya mbwa ina pingili 7 za mfupa, idadi ile ile ya shingo ya mtu. Katikati ya pingili hizo hupita uti wa mgongo unaobeba habari kutoka ubongoni hadi miguuni. Mbele kuna koromeo na bomba la hewa, ambalo hushikiliwa na pete laini za gegedu. Kando kuna mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani na kushuka. Karibu na bomba la hewa kuna pia tezi inayosimamia nguvu za mwili. Vyote hivi viko chini ya ngozi na misuli, na upande wa mbele hakuna mfupa wa kuvikinga.

Watu wengine husema, "Shingo ya mbwa ni ngumu, haisikii." Ni kweli misuli ya nyuma ya shingo ina nguvu, lakini kamba inapovutwa huminya mbele, kwenye koo, na hapo misuli ni michache.

Kwa sisi wa Pwani kuna jambo la ziada. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hutoka kidogo tu kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje, hewa ikipita haraka kooni. Katika joto la mwezi wa Februari na Machi, mbwa aliyebanwa koo hukosa njia yake kuu ya kujipoza. Anaweza kuanguka kwa joto hata kama kamba haijamwacha na jeraha lolote.

Kata ya kichwani na mkanda wa shingoni

Anayebeba ndoo ya maji ya lita 20 kichwani huweka kata kwanza. Kata haipunguzi uzito wa maji. Huutandaza uzito huo juu ya sehemu pana ili usichome mahali pamoja.

Mkanda wa mbwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Mbwa akivuta kwa nguvu ile ile, kamba yenye upana wa sentimita 1 huminya ngozi mara 4 zaidi ya mkanda wenye upana wa sentimita 4. Waya mwembamba ni mbaya zaidi, kwa kuwa nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mmoja na ngozi hukatika.

Hata hivyo, mkanda mpana nao unaegemea koo. Hapa ndipo mjadala unapoanza.

Vifaa vinavyobishaniwa

*Mkanda wa kawaida.* Ni wa ngozi au wa kitambaa kigumu, una bizimu, na haukazi zaidi ya kipimo ulichoufunga. Wengi hukubali kwamba unafaa kubeba alama ya mwenye mbwa. Ubishi ni kama unafaa pia kumvutia.

*Mnyororo wa kukaba.* Huu ni mnyororo wenye pete mbili unaojikaza mbwa anapovuta. Wanaoutumia, hasa wanaofunza mbwa wa ulinzi, husema kwamba hukusudiwi kumnyonga mbwa. Huvutwa mara moja kwa haraka, kisha huachiliwa, na mbwa huelewa. Wanaoupinga hujibu kwamba watu wachache wana ustadi huo. Mbwa anayevuta mfululizo hubaki amekabwa mfululizo, na mnyororo ukivalishwa kinyume hauachii hata ukilegeza mkono.

*Mkanda wa miiba butu.* Una meno ya chuma yanayogusa shingo. Wanaoutetea husema unasambaza nguvu kuzunguka shingo yote badala ya kubana koo peke yake, na kwamba mtu mwembamba anaweza kumdhibiti mbwa wa kilo 40. Wanaoupinga husema kila jino hubonyeza mahali padogo, na kwamba mbwa hutii kwa sababu anaumia.

*Mkanda wa umeme.* Hutoa mshtuko anayemshika mbwa anapobonyeza kitufe. Hoja kubwa ya wanaoutetea ni kwamba huokoa maisha ya mbwa anayekimbiza mifugo, ambaye pengine angepigwa risasi au kuwekewa sumu.

*Mkanda wa kifuani.* Huzunguka kifua na mbavu, na kamba hufungwa mgongoni au mbele ya kifua. Koo huwa huru. Wanaoukosoa husema humpa mbwa nguvu ya kuvuta kama punda wa mkokoteni, unaweza kuchubua makwapa, na mbwa mjanja huweza kuuvua kwa kurudi nyuma.

Mambo yaliyopimwa

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima shinikizo ndani ya macho ya mbwa 26. Mbwa walipovuta kwa mkanda wa shingoni, shinikizo la macho lilipanda. Walipovuta kwa mkanda wa kifuani, halikupanda kwa kiasi cha maana. Hii haimaanishi kwamba kila mbwa wa mkanda wa shingoni atapofuka. Inaonyesha kwamba kinachobanwa shingoni kinafika hadi kichwani, na kwamba mbwa mwenye ugonjwa wa macho asivutwe shingo kabisa.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitumia shingo ya bandia yenye vipimo vya shinikizo. Walijaribu mikanda ya aina mbalimbali, myembamba na mipana, iliyotiwa sponji na isiyotiwa. Hawakupata hata mmoja ambao shinikizo lake, kamba inapovutwa kwa nguvu, lilikuwa dogo kiasi cha kuondoa hatari ya kuumia. Shingo ya bandia si mbwa hai, lakini kipimo hicho kinajibu dai la kwamba sponji peke yake inatosha.

Mwaka 2013 jarida moja la tabia za wanyama lilieleza kisa cha mbwa wa aina ya German Shepherd, mwenye umri wa mwaka 1, aliyeadhibiwa kwa kuning'inizwa kwa mnyororo wa kukaba. Ubongo wake uliharibika kwa kukosa damu na hewa. Hicho ni kisa kimoja cha matumizi mabaya, lakini kinaonyesha mwisho wa njia hiyo.

Kuhusu umeme, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa mbwa 63 waliokuwa na tabia ya kutoitika wanapoitwa, wakiwemo waliokimbiza mifugo. Baadhi walifunzwa kwa mkanda wa umeme, wengine kwa kutuzwa. Waliofunzwa kwa umeme hawakuonyesha matokeo bora ya kutegemewa kuliko wenzao, na walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi.

Kwa hivyo ubishi wa wafunzaji haujaisha, lakini vipimo vinaelekea upande mmoja. Mbwa akivuta, nguvu ile ni salama zaidi ikipokewa na kifua kuliko koo. Mkanda wa shingoni ubaki na kazi ya kubeba alama.

Sheria inasemaje

Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010. Ujerumani ilikataza mikanda ya miiba katika mafunzo ya mbwa kuanzia mwaka 2022.

Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumtesa mnyama bila sababu ya haki. Kinachoangaliwa ni mateso. Kamba ya bei ndogo inaweza kumtia mtu hatiani sawa na kifaa cha bei ghali. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Ndiyo sababu jambo hili lina nafasi katika jarida la kaunti.

Dini zetu nazo zimelizungumza. Waislamu wengi wa Pwani hawafugi mbwa ndani ya nyumba, lakini wanaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Wakristo nao wanasoma katika kitabu cha Mithali kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Kufuga au kutofuga ni hiari ya mtu. Kumhurumia mnyama ni agizo la wote.

Hatari kubwa ya hapa kwetu: kamba iliyosahauliwa

Mikanda ya umeme na ya miiba si mingi vijijini kwetu. Kinachoumiza shingo nyingi ni kamba aliyofungwa mtoto wa mbwa akiwa na miezi 2, kisha akakua nayo. Shingo hunenepa, kamba haipanuki. Kwanza manyoya huisha. Kisha ngozi huchubuka, kamba huzama ndani, nzi hutaga, na mabuu hutokea. Mwenye mbwa husikia harufu mbaya kabla hajaona kidonda, kwa sababu manyoya yameifunika kamba.

Kuzuia jambo hili hakugharimu chochote. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Ijumaa au Jumapili, na kila wiki siku hiyo pitisha vidole chini ya kamba au mkanda kuzunguka shingo yote. Vidole viwili vya mtu mzima vipite bila kulazimishwa. Visipopita, legeza siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa anayekua apimwe mara mbili kwa wiki.

Shingo na kichaa cha mbwa

Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Njia kuu ni kuchanja mbwa. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukatike.

Ili achanjwe, mbwa lazima ashikike. Mbwa ambaye kila aliposhikwa kamba alikabwa, siku ya chanjo hukimbilia kichakani, au humgeuka na kumng'ata mwenye kumshika. Mara nyingi mwenye kumshika ni mtoto aliyetumwa na wazazi. Mbwa aliyezoezwa kamba kwa upole huja mwenyewe.

Mkanda una faida nyingine hapa. Katika kampeni za chanjo nchini Tanzania, mbwa waliochanjwa walivalishwa mikanda ya muda ili waliopita baadaye kuhesabu wajue ni wangapi wamefikiwa. Hiyo ndiyo kazi njema ya mkanda wa shingoni: kuonyesha kwamba mbwa huyu ana mwenyewe na amechanjwa. Mkanda wa muda wa aina hiyo nao uondolewe kampeni inapokwisha, usije ukamzamia.

Kuna tahadhari moja kubwa. Mbwa aliyeumia koo hubadilika sauti, hutokwa na mate na hushindwa kumeza. Mbwa mwenye kichaa naye huonyesha dalili hizo hizo. Ukimwona mbwa wa namna hiyo, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa, hata kama ni mbwa wako. Mtenge, wazuie watoto, na umwite afisa wa mifugo.

Mtu aking'atwa, au mate ya mbwa wa namna hiyo yakigusa kidonda chake, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri dalili. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kushona mkanda wa kifuani

Mkanda huu unaweza kushonwa na fundi viatu au fundi wa mikoba. Mwonyeshe hatua hizi:

1. Tafuta ukanda laini na imara wenye upana wa vidole viwili. Ukanda wa usalama wa gari bovu au ukanda wa begi kuukuu unafaa. Usitumie waya wala nailoni nyembamba.
2. Kitanzi cha kwanza kilale mwanzo wa mabega na kupita mbele juu ya mfupa wa kifua. Kisiguse koo.
3. Kitanzi cha pili kizunguke mbavu, umbali wa vidole vitatu nyuma ya makwapa.
4. Unganisha vitanzi hivyo kwa vipande viwili, kimoja mgongoni na kingine chini, katikati ya miguu ya mbele. Kitanzi kimoja kiwe na bizimu ya kufungulia.
5. Shona pete ya chuma mgongoni. Mbwa anayevuta sana ashonewe pete nyingine mbele ya kifua. Akivuta, mwili wake utageuka kuelekea kwako badala ya kusonga mbele.

Mvalishe ukiwa ndani ya ua kwanza, uone kama anaweza kuuvua kwa kurudi nyuma. Angalia makwapa kila siku kwa wiki ya kwanza. Pakiwa pekundu, legeza au ongeza kitambaa laini.

Kumzoeza asivute

Mkanda peke yake haufundishi. Mbwa huvuta kwa sababu akivuta hufika anakotaka. Mwondolee faida hiyo.

Anza asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa, kwa dakika 10 tu. Shika kamba yenye urefu wa mita 2. Mbwa akivuta, simama kama mnazi. Usimrudishe kwa nguvu, usipige kelele. Kamba ikilegea, hata kwa kuwa amegeuka kukutazama, mpe donge dogo la sima au dagaa mmoja, kisha endeleeni. Akivuta tena, simama tena. Siku ya kwanza mnaweza kufika kwa jirani tu. Ukiendelea kila siku bila kubadilisha sheria, ataelewa kwamba kamba iliyolegea ndiyo inayotembea. Watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja.

Akifungwa nyumbani

Ua wenye uzio ni bora kuliko mnyororo. Pale ambapo hakuna uzio, nyoosha waya mnene kati ya nguzo mbili, tia pete inayoteleza, na ufunge mnyororo mwepesi kwenye pete hiyo ili mbwa atembee. Asifungwe karibu na ukuta au ua anaoweza kuuruka, maana atabaki ananing'inia upande wa pili. Kivuli na maji vifikiwe na mnyororo saa zote. Mfungue kila siku atembee. Mbwa anayefungwa mchana na usiku huwa mkali kwa kila anayepita.

Dalili za shingo iliyoumia

- kukohoa kila kamba inapovutwa
- sauti kukwaruza au kupotea
- macho mekundu, uso kuvimba
- manyoya kuisha kama pete kuzunguka shingo
- harufu mbaya au usaha chini ya mkanda
- kushika kichwa upande mmoja, kuyumba au kuburuta mguu

Ukiona mojawapo, na mbwa ni mtulivu, fungua au kata kamba iliyo nje ya ngozi. Kamba iliyozama usiivute. Daktari wa mifugo ataitoa akiwa amemtuliza mbwa kwa dawa. Mbwa anayepumua kwa shida asifungwe mdomo, mpeleke mahali penye kivuli na upepo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kamba nyembamba huumiza kuliko mkanda mpana, ingawa mbwa anavuta kwa nguvu ile ile?
2. Mbwa hupozaje mwili, na kubanwa koo kunaathirije jambo hilo?
3. Taja hoja moja ya wanaotetea mnyororo wa kukaba na jibu la wanaoupinga.
4. Ni kipimo gani cha vidole kinachoonyesha mkanda haujabana?
5. Mbwa wako anatokwa na mate na hamezi. Utafanya nini, na hutafanya nini?

Soma maswali haya pamoja na watoto, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaomshika mbwa. Kisha tokeni uani mkampime shingo leo. Mbwa wa miezi 3 na zaidi ambaye hajachanjwa, au ambaye chanjo yake imepita mwaka, mwandikishe kwa afisa wa mifugo wa wadi yako.